Si kila 'barua taka' ni taka, nyingine ni chambo

Istilahi 'barua taka' imekita mizizi. Aghalabu hakuna tena anayeuliza ilikotoka wala inatufanya tufikiri vipi tunapoitumia. Imepewa kazi ya kubeba kila ujumbe ambao mwenye kikasha hakuuomba. Tangazo la viatu vya bei ya kutupa ni barua taka. Mwaliko wa warsha ya Dubai ambayo utajilipia nauli na malazi ni barua taka. Mjane wa jenerali anayetafuta mtu mwaminifu wa kumwachia dola milioni 10 naye kaandika barua taka. Na onyo kwamba akaunti yako ya benki itafungwa kesho saa sita mchana ni barua taka vilevile.

Hoja yangu wiki hii ni kwamba neno hilo limetwishwa mzigo usio wake, na kwamba kosa hili la kimsamiati lina gharama. Watu wanapoteza akiba ya miaka kwa ujumbe wa mistari minne. Sisi wa lugha tunapenda kudhani kwamba hayo ni ya polisi na mafundi wa kompyuta. Sivyo. Kinachomnasa mtu hapo ni maandishi, na maandishi ni kazi yetu.

Tuanze na asili. Waingereza na Wamarekani huziita barua hizi kwa jina la nyama ya mkebe. Spam ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1937 na kampuni ya Hormel, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ililiwa sana Uingereza, ambako nyama ilikuwa ya mgao. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Monty Python walitoa kichekesho cha televisheni kuhusu mkahawa ambao karibu kila chakula kina nyama hiyo, na ndani yake wamo wanamaji wa Viking wanaoliimba jina lake kwa sauti hadi wateja hawasikilizani. Watumiaji wa mwanzo wa mitandao ya kompyuta wakalichukua jina hilo kwa ujumbe unaorudiwarudiwa mpaka mazungumzo ya wengine yanazama. Sitiari ya Kiingereza, basi, ni ya kelele. Sisi tukachagua uchafu. Hatuko peke yetu: Wafaransa wa Quebec wana 'pourriel', neno lililoungwa kutokana na jina lao la pipa la taka na lile la baruapepe.

Siichukii 'barua taka' kama istilahi. Ni fupi, inatamkika, na ina ucheshi ambao huenda aliyeiunda hakuukusudia. Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mifano ya homonimu hukimbilia 'kaa', 'paa' na 'ua'. Hapa pana mwingine: 'taka' nomino na 'taka' kitenzi. Barua taka ni barua inayotaka. Hakuna hata moja inayokuja kukujulia hali tu.

Taabu ni kwamba taka hutupwa. Mtu akiona taka hufinya pua na kuipita. Haiogopi, hajiulizi nani kaiweka hapo wala alikusudia nini, kwa sababu taka haina nia. Ni mabaki ya shughuli ya mtu mwingine. Sitiari hii inalifaa tangazo la viatu. Mwenye duka hakunijua mimi wala hakunikusudia. Ametupa karatasi zake barabarani na moja imepeperukia kwangu. Lakini yule anayeniandikia kwamba akaunti yangu inafungwa kesho hakutupa kitu. Ameketi akafikiri. Amechagua nembo, amechagua saa, amechagua hata siku ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hiki kimeundwa kwa ustadi ambao hatuupi heshima yake tunapouita uchafu.

Hiyo ndiyo barua ninayotaka iitwe 'barua chambo'. Najua yapo maneno mengine. 'Hadaa', 'ulaghai' na 'utapeli' yanatumika, na ni maneno mazuri, ila yanataja kitendo kwa jumla. Mtu anayekuuzia shamba la wenyewe kule Kitengela pia ni tapeli. 'Wizi wa taarifa za siri' ni maelezo zaidi ya kuwa istilahi. 'Chambo' ni neno ambalo tayari limo vinywani mwetu kwa maana ya halisi na ya kisitiari, na lina familia nzima nyuma yake. Mvuvi wa Shimoni au Vanga hana haja ya kufafanuliwa: chambo ni kile samaki anachokiona, ndoana ni kile asichokiona, na mshipi unaishia mkononi mwa mtu. Katika barua hizi, habari ya akaunti kufungwa ni chambo, kile kiungo cha kubofya ni ndoana. Tovuti bandia inayofanana na ya benki yako ni dema: samaki hasukumwi, huingia mwenyewe akiogelea kwa raha zake, na umbo la mlango ndilo linalomzuia kutoka.

Wanasheria wetu walitutangulia katika kuzitenganisha barua hizi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ndiyo inayomgusa mfanyabiashara anayetumia anwani yako kukutangazia bidhaa bila idhini yako. Barua chambo zina sheria nyingine, ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, ambayo kifungu chake cha 30 kinamlenga anayetuma ujumbe ili kumshawishi mtu atoe taarifa zake binafsi kwa nia isiyo halali. Huyo wa kwanza unamlalamikia kwa Kamishna wa Data. Huyu wa pili ni wa kufungwa. Sheria mbili, makosa mawili, nasi katika lugha tumewavisha kofia moja.

Sasa tuisome barua chambo kama tunavyosoma utanzu wowote, kwa maana ni utanzu kweli, na mkongwe. Mfaransa Vidocq, mhalifu aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi jijini Paris, alieleza katika karne ya 19 kuhusu 'barua za Jerusalem': wafungwa waliwaandikia matajiri wakijifanya watumishi wa bwana mkubwa aliyetoroka machafuko, wakadai kwamba hazina imefukiwa mahali fulani, na kwamba kinachohitajika ni hela kidogo tu za kuifikia. Naam, wafungwa, wakiwa gerezani. Msomaji wa Kenya ambaye amesikia mara ngapi kwamba aliyempigia simu yuko nyuma ya nondo atatabasamu. Baadaye hadithi hiyo ikamtafuta mfungwa wa Kihispania. Katika miaka ya 1980 ikasafiri kwa posta na kwa faksi kutoka Afrika Magharibi, ikapata jina la 419, ambayo ni nambari ya kifungu cha kanuni za jinai za Nigeria kuhusu kujipatia mali kwa uongo. Baruapepe ilipoenea, ilikuta hadithi imeiva zamani.

Muundo wake haujabadilika sana. Mhusika mkuu yuko katika dhiki: mjane, mwanajeshi aliye vitani, mgonjwa aliyekata tamaa. Kuna hazina. Kuna siri. Kuna haraka. Na kuna wewe, uliyeteuliwa kati ya watu wote duniani. Nimetunga mfano kwa kuunganisha sifa za zile ambazo zimewahi kuingia kikashani mwangu kwa Kiswahili:

"Mpendwa katika Bwana, natumai ujumbe huu unakupata vyema. Mimi ni mjane wa marehemu mkurugenzi na ninateseka kutoka saratani. Nimeamua kuchangia fedha zangu kwa wewe kwa kazi nzuri. Rudi kwangu haraka kwa maelezo zaidi."

Mwalimu yeyote ataichakaza kwa kalamu nyekundu. 'Unakupata vyema' ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Mswahili hapatwi na ujumbe vyema. Anatumai u mzima, au kama tulivyofundishwa katika barua ya kirafiki, u buheri wa afya. 'Ninateseka kutoka saratani', kana kwamba saratani ni stesheni ya gari moshi. 'Kwa wewe' badala ya 'kwako'. 'Rudi kwangu' inaweza kuleta balaa nyumbani iwapo mkeo atapita nyuma yako ukiwa unasoma.

Kwa miaka mingi makosa ya aina hii yalikuwa ndiyo kinga yetu. Ushauri uliotolewa ulikuwa huo kila mahali: tazama lugha, ukiona makosa ya sarufi na tahajia, kimbia. Tuliuamini kwa sababu ulitupendeza. Ulituambia kwamba mtu mwenye lugha safi ni salama, na kwamba mwizi lazima awe mbumbumbu.

Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa Microsoft aliandika makala iliyouliza swali la kitoto: kwa nini matapeli wa Nigeria husema wanatoka Nigeria? Jibu lake halikuwa kwamba hawajui jina hilo limechafuka. Alisema hadithi isiyoaminika ni chujio. Kutuma barua milioni ni rahisi. Kazi ngumu ni kujibizana kwa wiki nzima na mtu ambaye mwishoni atashtuka na kukukwepa. Kwa hiyo afadhali barua iwe ya ajabu tangu mstari wa kwanza, ili wenye shaka wajiondoe wenyewe na abaki yule mmoja ambaye haoni ajabu. Kwa maneno yetu, kile tulichokiita udhaifu wa mtindo kilikuwa kinamchagulia mwandishi hadhira. Sisi tuliokuwa tukiicheka tulikuwa tunafanya hasa alichokitaka: tunatoka njiani.

Halafu kuna ushahidi wa karibu zaidi, wa hapa hapa nyumbani, nao hautoki katika baruapepe bali katika ujumbe mfupi wa simu. Ni nani Kenya ambaye hajawahi kupokea "Ile pesa tuma kwa hii namba"? Uchambue kidogo. Hauna salamu. Hauna jina la anayetuma. Mwalimu angebadilisha 'namba' kuwa 'nambari' na kudai kiashiria kikae baada ya nomino. Lakini tazama neno la kwanza. 'Ile' ni kiashiria cha kitu ambacho mimi na wewe tunakijua, tulichokwisha kukizungumzia. Hakisemi kuna pesa. Kinachukulia kwamba pesa ipo, deni lipo, na mazungumzo yalikwisha kufanyika. Mtu ambaye kweli alikuwa anadaiwa karo, kodi ya nyumba au hela za fundi, na siku hiyo alikuwa katika harakati za kulipa, akikutana na 'ile' hujaza mwenyewe pengo lililobaki. Aliyetuma hajui chochote. 'Ile' ndiyo inayojua.

Ninadiriki kusema kwamba sentensi hiyo ya maneno sita ni maandishi bora kuliko barua nzima ya mjane. Makosa yake ya kisanifu ndiyo yanayoipa uhai, kwa sababu ndivyo mama mwenye nyumba anavyoandika akiwa sokoni na mkoba kwapani. Ingeandikwa kwa Kiswahili cha mtihani, 'Tafadhali zitume zile fedha kwa nambari ifuatayo', ungeshtuka mara moja. Hapo kanuni yetu ya 'makosa ya lugha ni ishara ya utapeli' inageuka miguu juu.

Kilichotuponya upande wa baruapepe ni kwamba waandishi wake hawakukijua Kiswahili. Walitumia tarjuma za mashine, na mashine za wakati huo zilitema yale ya 'kuteseka kutoka saratani'. Kinga hiyo inaisha. Programu za akili unde, au akili mnemba kama wenzetu wa Tanzania wanavyosema, sasa zinaandika Kiswahili kinachosomeka. Hazijafikia utamu wa 'ile pesa', lakini upatanisho wa kisarufi zinaujua. Anayengoja kosa la ngeli ili ashtuke atangoja mpaka akaunti iwe tupu.

Tusome nini basi, ikiwa hatusomi makosa? Chukua mfano huu mwingine, nao nimeutunga makusudi uwe safi:

"Ndugu Mteja, imebainika kuwa akaunti yako imetumiwa kwa njia isiyo ya kawaida. Usipothibitisha taarifa zako ndani ya saa 24, itafungwa. Bofya hapa."

Hakuna pa kutia kalamu nyekundu. Lakini tafuta mtenda. Imebainika: na nani? Imetumiwa: na nani? Itafungwa: na nani? Vitenzi vitatu katika kauli ya kutendeka na ya kutendwa, na hakuna hata kimoja chenye 'na' ya kumtaja aliyefanya. Kwa upande wa pili, vitenzi viwili vyenye mtenda anayejulikana ni 'usipothibitisha' na 'bofya', na mtenda huyo ni wewe. Ulimwengu mzima unatendeka wenyewe, kama mvua, isipokuwa kidole chako. Ongeza hapo 'usipo-', kiambishi cha sharti kinyume ambacho katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa sana na wazazi na maaskari. Ongeza saa 24. Ukifika kwenye 'bofya', ile amri tupu isiyo na 'tafadhali', umeshaandaliwa uione kama msaada.

Hivyo ndivyo ningependa wanafunzi wa sajili wafundishwe. Tunawakaririsha sifa za sajili ya hospitalini, mahakamani na matangani, tukisahau kwamba kijana huyo anaanza chuo akiwa na anwani ya baruapepe na mkopo wa masomo, na ya kwanza kumfikia itakuwa barua ya kumweleza kwamba mkopo wake 'umesimamishwa'. Akifundishwa kuuliza "na nani?" kila aonapo kauli ya kutendwa, atakuwa amepata kitu cha kumfaa nje ya karatasi ya mtihani.

Sasa nigeuke kwa wale wasiopenda kuguswa, yaani taasisi zenyewe. Kinachowasaidia matapeli kuliko programu yoyote ni kwamba barua halali zimeandikwa vibaya kwa mtindo uleule. Taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja iliniletea baruapepe yenye kichwa cha herufi kubwa, ikinitaka 'kuhuisha taarifa' kabla ya Ijumaa la sivyo huduma 'zitasitishwa'. Kulikuwa na kitufe chekundu. Nilipokitazama kiungo chake bila kukibofya, kilielekea kwenye anwani ambayo haikuwa na hata silabi moja ya jina la taasisi hiyo. Nikapiga simu. Binti aliyepokea, mwenye adabu zake, akanihakikishia kwamba barua ni yao, imetumwa na kampuni waliyoikodi. Siku tatu baadaye taasisi hiyohiyo ikatuma nyingine ya kutuonya tusibofye viungo tusivyovijua.

Mteja afanye nini hapo? Amefundishwa kwa vitendo kwamba barua ya kweli haina jina lake, ina vitisho, ina saa ya mwisho na ina kiungo cha ajabu. Siku ya barua chambo ataitii kwa sababu haina tofauti na zile alizozizoea. Tapeli hakuhitaji kuiga sauti ya taasisi. Taasisi ilimtangulia kuiga sauti yake.

Na Kiswahili chao! Kuna taasisi zinazomwandikia mwalimu mstaafu asiye na hata kibanda cha sukuma wiki kwamba 'tunathamini biashara yako'. Biashara gani? Ni fungu la maneno ya Kiingereza lililohamishwa na makapi yake. Kampuni zenye majengo ya ghorofa 20 haziwezi kukosa mshahara wa mhariri mmoja wa Kiswahili. Angewaeleza kwamba barua halali inajitambulisha kwa jina la mtu na idara, inamtaja mteja kwa jina lake, inaeleza kilichotokea kwa kauli ya kutenda ('Tumeona kwamba...'), na inampa nafasi ya kufika tawini au kupiga nambari iliyo nyuma ya kadi yake. Na haina kiungo. Mtu anayejua anwani ya benki yake ataiandika mwenyewe.

Zile taka zenyewe hazinisumbui sana. Ya kwanza kabisa inayokumbukwa ilitumwa Mei 3, 1978, wakati Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital, alipowaandikia takriban watu 400 wa mtandao wa Arpanet kutangaza mashine mpya. Alikemewa, lakini mashine zikauzwa, na huo ndio ukawa mkosi wetu. Zamani za S.L.P. aliyetaka kukutangazia kitu alinunua stempu na bahasha, na bei ya stempu ilimlazimisha kujiuliza kama wewe ni mteja kweli. Katika baruapepe gharama imehamia kwa mpokeaji: muda wake, macho yake, na bando alilolinunua kwa shilingi zake.

Dawa ya taka hizo ni rahisi, ingawa inachosha. Kama aliyetuma ni duka au shirika unalolijua, kile kiungo kidogo cha kujiondoa kilichofichwa chini kwa maandishi ya sisimizi hufanya kazi, kitumie. Kama ni barua chambo, usikiguse hata hicho cha kujiondoa. Kukibofya ni kumjulisha mvuvi kwamba hapa pana samaki hai. Hapo ndipo jina moja kwa vitu viwili linapoleta madhara ya wazi: mtu aliyeambiwa 'jiondoe kwenye barua taka' atajiondoa kwenye zote kwa njia moja.

Na kuna tofauti kati ya kufuta na kuripoti ambayo watu wengi hawaitilii maanani. Chujio la kikasha chako ni msomaji wa aina yake. Tangu Paul Graham alipoandika mwaka 2002 kuhusu namna ya kuzikamata barua hizi kwa kuhesabu uwezekano wa kila neno kuonekana katika barua mbaya au njema, vichujio vingi vimejengwa juu ya wazo hilo: havijui maana, vinajifunza kutokana na yale ambayo wasomaji wamekwisha kuyatia alama. Ukifuta barua chambo, umesafisha nyumba yako, chujio halijajifunza kitu. Ukiiripoti, umelipa somo. Anayepokea utapeli kwa Kiswahili na kuufuta kimyakimya analiacha chujio likijifunza Kiingereza peke yake.

Chujio nalo hukosea kwa upande wa pili. Mara mbili mwaka huu nimeyakuta mashairi ya wasomaji wa safu hii yamelala katika kasha la taka, moja likiwa la bahari, vina vyake vimepangwa sawasawa, pembeni mwa tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Sijui ni neno gani lililolichongea; huenda ni 'mpenzi' kurudiwa mara 11. Kwa sababu hiyo nalifungua kasha hilo kila Jumamosi asubuhi, na ninakuomba nawe ulifungue, hasa kama unangoja barua ya kazi au ya chuo.

'Barua chambo' ni pendekezo tu. Wingi wake ni uleule, 'barua chambo', kama ilivyo kwa 'barua taka', kwa hiyo haitamsumbua mtu wa sarufi. Aliye na istilahi bora na ailete kwa anwani ya kawaida ya safu hii, akitaja jina lake na anakotoka, na asitie kiungo chochote.